Maneno Matatu ya Misi Alden

Mwezi uliopita Felista alikuja kunitembelea hapa Mkomaindo, na kabla hajaketi alikuwa ameshaniibia sufuria ya kuku. Alipita mlango wa uani bila hodi, mkono mmoja una fimbo, akaepua sufuria jikoni, akaifunika kwa kanga na kutoka nayo kuelekea kwa jirani, akinyata kwa kadiri magoti yake yalivyomruhusu. Umri wake na wangu ukijumlishwa unapita miaka mia na sitini. Mjukuu wangu Rukia, aliyeletwa likizo kutoka Dar es Salaam, alikuwa kwenye ngazi anasoma, akapiga ukelele: "Bibi! Bibi! Kuna mtu anatuibia kuku!" Nilipotoka nikamkuta Felista amesimama katikati ya uwanja, kaikumbatia sufuria, anamwangalia mtoto kwa furaha tele. Nikamwambia Rukia amwamkie. Akamwamkia kwa mashaka, na Felista akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Mwambie huyo Myao wako, akiona njaa aje kwa jirani, nitamtupia mfupa." Tulimla kuku yule sote pamoja, na jirani akiwemo, lakini Rukia hakuridhika. Alinong'ona, na mnong'ono wa watoto wa shule za siku hizi husikika hadi barabarani, kwamba bibi yule ni "sneaky", yaani mnyataji. Felista akaacha kutafuna. "Hilo nalo lipo?" akaniuliza. "Halikuwemo katika yale matatu." Tukacheka mpaka mtoto akaogopa, na usiku ule niliona vyema niuandike mwaka wetu wa Newala kabla mmoja wetu hajaondoka na mwenziwe akabaki hana wa kumkosoa.

Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imefungua kozi ya mwaka mmoja ya waalimu wasichana kule Newala, nasi tulikuwa wasichana kumi na mmoja katika nyumba moja ndefu ya mabati, vyumba vitatu vya kulala, chumba kimoja cha kulia ambacho asubuhi kilikuwa darasa, na mwishoni ofisi ya Misi Alden pamoja na chumba chake. Mimi nilitoka Masasi, kwetu joto, nikadhani uwanda wote wa Makonde ni joto. Nilipoamka asubuhi ya kwanza nikakuta ukungu umekaa hadi mlangoni na meno yangu yanagongana. Maji yalikuwa bondeni. Bomba lilikuwa likizungumzwa tu, kwetu halijafika, kwa hiyo kila siku kabla ya somo tuliteremka genge kwa zamu kwenda chemchemi, na kupanda na ndoo kulikuwa safari ya kumfanya mtu akumbuke dhambi zake zote. Tulikunywa kwa kipimo na tulinawa kwa kipimo. Lakini chakula, jamani! Mpishi wetu, Baba Salima, Mmakonde aliyewahi kuwapikia Wazungu wa shamba la mkonge, alitupikia asubuhi ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, mchana ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, na msimu wa mabibo ulipofika tulikula mabibo mpaka midomo ikakakamaa. Nimekaa kwenye karamu nyingi tangu wakati ule. Hakuna hata moja niliyoila kwa njaa nzuri kama ile.

Felista alikuwa Mmakua, naye alilala kitanda cha pili kutoka changu. Siku ya kwanza, nikiwa bado nafungua sanduku, alikuja akaniuliza kabila langu. Nikamwambia Myao. Akasema, "Ahaa," akachukua sabuni yangu mpya na kwenda kuoga nayo. Ndivyo tulivyojuana. Wayao na Wamakua ni watani tangu enzi za mababu waliopigana wakachoka, na mtani hachukui ruhusa. Huchukua kitu. Huchukua kwa kukunyatia, kwa sababu akikiomba hakuna raha, na wewe ukigundua huruhusiwi kukasirika: unachoruhusiwa ni kumtukana kwa matusi makubwa kuliko kosa lenyewe, kisha siku nyingine umchukulie chake. Kufikia mwezi wa nne nilikuwa nimeshavaa kanga zake zote mbili, naye alikuwa ameshakula nusu ya kila kifurushi nilicholetewa kutoka nyumbani. Wenzetu walihesabu magoli. Sijawahi kupendana na mtu upesi hivyo, na sijui kama tungependana vile kama angekuwa ameomba ile sabuni.

Misi Alden hakujua lolote katika hayo. Alikuwa amefika kutoka Uingereza miezi sita tu nyuma, mwanamke mrefu, wa haki, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama alikipiga pasi, anayekunywa chai yake bila sukari na kusahihisha madaftari yetu kwa kalamu nyekundu hadi nukta ya mwisho. Hakuwa mkali. Alikuwa mkweli, na aliamini kwamba kila mtu anayesema neno analikusudia. Mwezi wa Juni, baridi ilipozidi, mama alinitumia sweta jekundu. Nililivaa siku mbili. Siku ya tatu Felista aliaga darasani kwamba anakwenda msalani, akapita chumbani, akatoka na sweta langu chini ya kanga, anatembea kwa ncha za vidole huku anaangalia kushoto na kulia. Misi alikuwa dirishani, akamwona. Mchana, tukiwa sote mezani, akaniuliza mbele ya watu: "Zainabu, nimemwona Felista akichukua sweta lako. Ulimpa ruhusa?"

Hapa ndipo ulimi uliponiponza. Mtani akiulizwa habari za mtani wake ana jibu moja tu, nami nililitoa kwa sauti ya kutosha kufika jikoni: "Ruhusa, Misi? Huyo mwizi wa kuzaliwa! Babu yake aliiba mbuzi wa babu yangu, na baba yake aliiba kamba ya yule mbuzi. Mfunge, Misi, tumpeleke bomani leo leo!" Meza nzima ilivunjika mbavu. Felista mwenyewe alipiga makofi, na sweta kalivaa. Baba Salima alichungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi, akasema, "Wamakua bwana, hata moshi wanaiba." Misi hakucheka. Alituangalia mmoja mmoja kama mtu aliyeingia nyumba ya msiba akakuta ngoma, akakunja kitambaa chake cha mezani, akaondoka. Nilimwona uso ule. Naomba msomaji anielewe vizuri: niliuona, nikajua hakuelewa, na nikaendelea kula.

Wiki moja baadaye alikuja Bwana Elimu wa jimbo, na motokaa yake imejaa vumbi. Alikuwa anakagua shule, angelala Newala, kesho yake angekwenda Chilangala, na keshokutwa asubuhi angerudi kuchukua ripoti zetu, kwani ripoti hizo ndizo zilizoamua nani apewe cheti cha ualimu na nani arudi kwao. Jioni ile mimi na Felista tulikuwa zamu ya kupima unga stoo. Ukuta kati ya stoo na ofisi haukufika juu, na Kiingereza cha watu wawili kilitujia pamoja na harufu ya tumbaku. Tulikuwa tumesoma hadi darasa la nane, tulishika kadiri tulivyoweza. Tulisikia jina la Felista. Tukasikia Misi akisema, kwa sauti ya huzuni kweli, kwamba msichana huyu ana akili kuliko wote, lakini ni "sly", ni "furtive", na tena ni "underhand", kwa hiyo hawezi kumpendekeza. Neno la kupendekeza tulilijua, maana lilikuwa kwenye fomu zetu. Yale mengine matatu hatukuyajua hata moja.

Felista alibaki na kipimo cha unga hewani. Kwao hapakuwa na mwalimu mwanamke hata mmoja, na alikuwa ameshachagua mahali pa kufundishia, Makote, na hata mti ambao angetundikia kengele. Nilitegemea afanye mzaha. Badala yake aliniambia polepole, "Mtani, kosa langu ningelijua, ningelijibu. Nitajibuje neno nisilolijua?" Tukampelekea Baba Salima maneno yale jikoni, kwa sababu alisifika kuwa anajua Kiingereza chote cha Wazungu wa mkonge. Akaweka sufuria chini, akafikiri. "Slai," akasema, "ni ntu anayecheka na kuku, kisu kakificha nyuma." Mbona hiyo ni kazi yako, Felista akamwambia. "Ndiyo, lakini mimi kuku ananijua. Hilo la pili sijapata kulisikia. Hilo la tatu ni mambo ya chini ya mkono, kama vile kumpa karani kitu. Wewe ntoto umempa karani nini?" Hakuwa amempa karani chochote. Tukatoka pale tumechanganyikiwa zaidi ya tulivyoingia.

Katika nyumba ile kamusi ya Kiingereza ilikuwa moja tu, nayo ilikaa kwenye rafu ya ofisini. Misi alikuwa akipumzika kuanzia saa saba mpaka saa tisa mchana. Kesho yake saa saba na nusu tulivua viatu, tukaingia. Felista alitangulia, mimi nikafuata na penseli na karatasi, na kila ubao wa sakafu uliopiga kelele uliniondolea mwaka mmoja wa maisha. Tukalishusha lile jitabu mezani. Nikatafuta "sly", kamusi ikanituma kwa "cunning". Nikaenda kwa "cunning", ikanituma kwa "crafty". Nikaenda kwa "crafty", ikanirudisha kwa "sly", kama makarani wa boma wanavyokurusha dirisha hadi dirisha. "Underhand" ndiyo peke yake iliyosema wazi: kumfanyia mtu hila kwa siri ili kumdhulumu. "Furtive" ilitupeleka kwa "stealthy", na pembeni mwa "stealthy" kulikuwa na ukoo mzima: maneno ya kunyata, ya kuvizia, ya kunyemelea, ya kutazama kwa jicho la pembeni. Felista alikuwa akihesabu kwa vidole, vikamwishia. "Mtani," akaninong'oneza, "muhogo sisi tuna majina mangapi?" Nikasema ni mengi, kila aina na jina lake. "Kwa nini?" Kwa sababu tunaula kila siku, nikamjibu. Akanionyesha ule ukurasa. "Basi na hawa wenzetu wana chakula chao."

Nilicheka. Sikucheka sana, lakini kicheko cha kuzuiwa hushinda kicheko chenyewe, na mlango wa chumba cha pili ukafunguliwa. Misi Alden alikuwa amesimama pale bila viatu, nywele zimefumuka upande mmoja. Alitutazama, akatazama viatu vyetu tulivyovishika kwapani, akatazama kamusi. "Mnafanya nini?" Mimi nilikuwa tayari kutunga uongo, nilishaanza kusafisha koo. Felista akasimama wima, akajibu kama anayejibu mtihani: "Misi, sasa hivi sisi ni furtive. Lakini si underhand."

Misi akavuta kiti akaketi, akasema, "Nieleze tofauti." Felista akamweleza, Kiswahili na Kiingereza vikigombania mlango: kwamba tumenyata kwa sababu tunaogopa kuonekana, hiyo ni ya macho na ni kweli; lakini hatukuja kumdhulumu mtu, kitabu kingebaki pale pale, kwa hiyo lile la tatu haliwezi kutuhusu. Nakumbuka Misi alianza kusahihisha kidogo, maana hakuweza kujizuia. Alisema "stealthy" ni ya miguu tu, hata chui ni "stealthy" na hakuna anayemlaumu. "Sly" ni ya akili, ya mtu anayejichekea ndani, na huweza kuwa tabia ya mtoto tu. Lakini "underhand" ni tendo, na sharti ndani yake awepo mtu aliyedanganywa. "Nani kadanganywa katika sweta?" Felista akauliza. Misi akasema, "Zainabu." Felista akanigeukia, naye Misi akanigeukia, na nikaona mahali pote pa kujificha katika chumba kile pamejaa.

Nikamweleza utani. Nilieleza vibaya, kwa kuwa ni kama kumweleza mtu ladha ya chumvi. Misi alinisikiliza, kisha akasema, "Unasema hivi leo kwa sababu ni rafiki yako. Ingekuwa kweli, ungesema hivi siku ile." Lakini alikuwa mtu wa haki, kama nilivyokwisha kusema. Alinifungia mimi stoo na Felista chumba cha kulia, kila mmoja na karatasi, akatupa swali moja: ni kitu gani ambacho mtani hawezi kukichukua, na mwenye kitu akikasirika inakuwaje? Niliandika juu ya gunia la unga. Mtani hachukui chakula cha mgonjwa. Huku juu Newala, hachukui maji. Na anayekasirika hulipa kuku. Misi alisimama katikati ya nyumba na karatasi mbili mkononi, akizisoma huku na huku. Tulikuwa tumeandika yale yale, karibu neno kwa neno, isipokuwa Felista aliongeza mwishoni: "Pia kalamu nyekundu ya mwalimu haichukuliwi, ingawa nimeitamani tangu Machi." Hapo ndipo nilipomsikia Misi Alden akicheka kwa mara ya kwanza. Alicheka vibaya, kama bawaba isiyotiwa mafuta, na ilimpendeza sana. Akasema hana neno la jambo hili. Katika Kiingereza chote, alisema, kila kinachofichwa kina mtu wa kukificha na mtu wa kufichwa, na hakumbuki neno la kitu ambacho wote wawili wanakijua.

Tulidhani yameisha. Hayakuwa yameisha. Karatasi, alisema Misi, anaweza kuiandika upya, lakini Bwana Elimu ameshayasikia yale maneno kwa masikio yake, na ameshaambiwa kulikuwa na shahidi, mwenye mali mwenyewe, aliyesema mbele ya watu kumi kwamba huyu ni mwizi. Atauliza shahidi yule leo anasema nini. Felista akasema upesi, "Andika tulikosa kuelewana, Misi." Lilikuwa neno zuri, la kutuponya sote, na nilitamani kulishika. Lakini nimekwisha kukiri hapo juu kwamba niliuona uso wa Misi siku ile. Mtani humwambia uongo mtani, na wote wanajua, basi si uongo. Mimi uongo ule nilimwambia mtu ambaye si mtani wa mtu, na nilijua hajui, na niliacha aondoke nao kwa sababu meza nzima ilikuwa inanicheka kwa kunipenda. Nilikuwa nimelisoma lile neno la tatu kwenye kamusi muda mfupi uliopita, na sikuhitaji kulitafuta tena. Nikachukua penseli. Niliandika kwamba nilisema Felista ni mwizi, kwamba si kweli, kwamba nilijua Misi hajui utani na nikasema vile vile ili wenzangu wacheke. Nikatia sahihi. Felista akaninong'oneza nisiwe mjinga.

Bwana Elimu alisoma karatasi yangu akiwa amesimama kando ya motokaa, asubuhi, ukungu bado haujaondoka. Aliisoma mara mbili. Mwisho wa mwaka Misi alituita mmoja mmoja ofisini. Felista alipata cheti chake na barua ya kwenda Makote, na chini ya tabia Misi alikuwa ameandika kwamba mwalimu huyu hana jambo asiloweza kulitetea. Mimi nilipata barua tu. Cheti changu kingesubiri nusu mwaka, nikisaidia hapo hapo Newala chini ya uangalizi, kwa kuwa nilimpa mkubwa wangu habari nisiyoiamini. Ilikuwa haki. Iliniuma, nililia chooni ambako hakuna wa kuona, kisha nikanawa uso kwa kipimo changu cha maji na kutoka.

Felista alikuwa barazani, sanduku lake limefungwa, anangoja lori. Akaninyang'anya barua, akaisoma yote mpaka sahihi. Nilijiweka tayari kwa matusi, niliyahitaji kama mgonjwa anavyohitaji uji. Akaikunja vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema, "Asante."

Ninyi msio na watani hamwezi kujua. Mtani hashukuru. Mtani akishukuru ni kama anakuambia umekuwa mtu wa nje, au kwamba jambo ni kubwa mno hata matusi yote ya babu zake hayawezi kulibeba. Nilimwangalia nikaona anamaanisha hili la pili, na kwamba hata yeye limemwogopesha. Tukaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, tumeshikana mabega, dereva wa lori anapiga honi, wasichana wanatuzunguka wakiuliza kuna nini. Hatukuwaambia. Tumeibiana kila kitu tangu siku ile, miaka yote hii, mpaka wajukuu wanatuita wezi, na hakuna kati yetu aliyewahi kumwambia mwenzake neno lile tena.